Majitaka ya Kasongo na mali inayozikwa ardhini

Katika nusu karne hivi iliyopita, wahandisi wa mazingira wamebadili namna ya kuyatazama majitaka ya miji, yaani maji yaliyokwisha kutumika jikoni, bafuni na chooni pamoja na kinyesi na mkojo unaochukuliwa nayo. Yale yaliyohesabiwa kuwa uchafu wa kuondolewa machoni haraka sasa yanahesabiwa kuwa malighafi yenye vitu vitatu vya thamani, ambavyo ni nishati iliyobaki katika mabaki ya chakula, virutubisho vya mimea, na maji yenyewe. Huko Strass, nchini Austria, kituo cha kusafisha majitaka huzalisha umeme mwingi kuliko kinaoutumia, na mjini Windhoek, Namibia, majitaka yamekuwa yakisafishwa hadi kiwango cha maji ya kunywa tangu mwaka 1968. Msomaji wa Kasongo au Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, anaweza kuzisoma habari hizo kama habari za sayari nyingine, kwa kuwa mji wake hauna mtandao wa mabomba ya majitaka, na huenda usiupate katika maisha ya wajukuu wake.

Ukosefu huo unastahili kuelezwa vizuri kabla ya kulaumiwa. Mabomba ya majitaka hayafanyi kazi pasipo maji mengi yanayosukuma uchafu mchana na usiku, na maji hayo hupatikana pale tu ambapo kila nyumba ina bomba la maji safi. Mji ambao wanawake na watoto wake huteka maji kwenye chemchemi na visima na kuyabeba kichwani kwa bidoni hauwezi kuendesha mtandao wa aina hiyo, hata kama mfadhili angeujenga bure. Ni kweli kwamba Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inatambua haki ya kila mtu ya kupata maji ya kunywa na umeme, na kwamba sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ilishusha sehemu kubwa ya wajibu wa huduma za maji hadi kwenye majimbo na tawala za chini. Hata hivyo, wajibu ulioshushwa bila bajeti yake haubadilishi choo cha mtu. Kaya nyingi za Kasongo hutumia choo cha shimo, na taasisi chache zina shimo lililojengewa kuta na kugawanywa vyumba, ambalo mafundi wa Kongo huliita fosi septiki. Shimo likijaa, huchimbwa jingine kando yake, na kila kilichomo hufukiwa.

Kinachofukiwa ni chakula cha bakteria. Kinyesi kinapowekwa mahali pasipo na hewa, bakteria wa aina mbalimbali hukivunjavunja kwa zamu, baadhi wakigeuza mafuta, wanga na protini kuwa asidi nyepesi, na wengine wakizigeuza asidi hizo kuwa gesi. Gesi hiyo, iitwayo bayogesi, kwa kawaida huwa na asilimia 55 hadi 70 ya methani, ambayo huwaka, na sehemu kubwa ya inayobaki ni kabonidayoksaidi, isiyowaka. Methani ndiyo gesi ile ile iliyoyeyuka katika kina cha Ziwa Kivu, inayovutwa na mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda kuzalisha megawati 26 za umeme, ingawa hakuna anayependekeza kwamba vyoo vya Maniema vishindane na ziwa. Wazo lenyewe ni la zamani: mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Exeter nchini Uingereza, gesi iliyotoka kwenye tanki la majitaka ilitumiwa kuwasha taa. Bakteria hao hupenda joto, na hali ya hewa ya bonde la Lualaba huwapa bure kile ambacho vituo vya Ulaya hulazimika kukilipia kwa kupasha matanki yao.

Hapo ndipo hesabu inapohitajika, kwa sababu bayogesi imeharibiwa jina na ahadi zilizozidi uwezo wake. Kinyesi cha mtu mmoja hutoa takriban lita 20 hadi 30 za gesi kwa siku, ilhali mapishi ya nyumbani kwa mtu mmoja huhitaji kati ya lita 150 na 300. Maana yake ni kwamba choo cha familia ya watu wanane hakiwezi kuipikia familia hiyo. Labda kitachemsha chai ya asubuhi, na kwa kazi hiyo ndogo hakuna anayepaswa kujengewa mtambo wa saruji. Kaya yenye ng'ombe kadhaa ni habari nyingine, lakini Kasongo si nchi ya ng'ombe. Kwa hiyo gesi ya majitaka ina maana pale tu ambapo watu wengi wamekusanyika chini ya paa moja, wanatumia vyoo vya pamoja na wanapikiwa katika sufuria moja: gerezani, katika shule ya bweni, seminarini, katika kambi ya askari, na kwa kiasi fulani hospitalini na sokoni. Watu 500 wa taasisi ya namna hiyo watatoa mita za ujazo 12 hivi za gesi kila siku, na kwa kuwa mita moja ya ujazo hushika nafasi ya kilo 3.5 hadi 5 za kuni, taasisi itaokoa kilo 40 hadi 60 za kuni kwa siku. Kiasi hicho si muujiza, wala si haba kwa mhasibu wa shule anayenunua kuni kwa mkopo.

Mfano ulio karibu zaidi na Maniema haukutoka mbali. Mwaka 2001, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, iliyojulikana kwa kifupisho cha KIST, iliweka mtambo mkubwa wa kwanza wa bayogesi katika gereza la Cyangugu, mji wa Rwanda unaotazamana na Bukavu ng'ambo ya mto Ruzizi. Magereza ya Rwanda wakati huo yalifurika watu, kwani waliozuiliwa kwa tuhuma za mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 walizidi 100,000, na yalikuwa na mizigo miwili iliyofanana kwa uzito: vinyesi vya maelfu ya watu vilivyotiririka mabondeni kuelekea kwenye maji ya majirani, na malori ya kuni yaliyomaliza bajeti pamoja na misitu. Wahandisi wa KIST waliunganisha mizigo hiyo miwili. Walijenga chini ya ardhi makuba ya matofali, mengi yakiwa na mita za ujazo 100 kila moja na kupangwa kwa mfululizo, na wafungwa wenyewe walifundishwa ujenzi na kushiriki katika kazi. Mwaka 2005 taasisi hiyo ilipewa Tuzo ya Ashden nchini Uingereza, na iliripotiwa kwamba matumizi ya kuni katika magereza yenye mitambo yalipungua kwa takriban nusu. Makadirio hayo ni makubwa kuliko hesabu iliyotolewa hapo juu, na hayapaswi kuchukuliwa kama ahadi kwa kila taasisi, kwa kuwa akiba hutegemea idadi ya watu, aina ya chakula, ubora wa majiko na kama kinyesi cha mifugo kiliongezwa. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba harufu ilipungua, majitaka yaliacha kutiririka ovyo na bustani za magereza zilipata mbolea.

Kuba hilo lina faida kubwa kwa mji ulio mbali na viwanda, nayo ni kwamba halina injini, pampu wala chombo cha kuagizwa ng'ambo isipokuwa mabomba na valvu. Uchafu huingia upande mmoja, gesi hukusanyika juu chini ya kuba, na kadiri inavyoongezeka ndivyo inavyolisukuma tope kwenda katika chumba cha pembeni. Bomba la jikoni likifunguliwa, tope hurudi chini kwa uzito wake na kuisukuma gesi itoke. Muundo huu asili yake ni China, na katika miaka ya 1980 kituo cha CAMARTEC cha Arusha, Tanzania, kiliurekebisha ulingane na vifaa na mafundi wa Afrika Mashariki. Matofali ya kuchoma yanapatikana Kasongo, na mafundi wa kuyajenga wapo. Kigumu ni saruji, ambayo hufika Maniema ikiwa imelipiwa kila daraja bovu na kila kizuizi cha barabarani, na pia ufundi wa kupiga lipu ya ndani isiyopitisha gesi, kwani ufa usioonekana kwa jicho hutosha kulifanya kuba zima kuwa kaburi la fedha. Gesi inayovuja ina madhara mengine: methani huchangia ongezeko la joto la dunia takriban mara 28 kuliko kabonidayoksaidi ya uzito huo huo kwa kipindi cha miaka 100, na ndani ya shimo lililofungwa gesi hizi huua kwa dakika chache. Fundi asiingie kamwe katika mtambo uliowahi kutumika kabla haujafunguliwa na kupitishwa hewa ya kutosha, tena asiingie peke yake.

Kuna sababu nyingine inayolifanya kuba la bayogesi lifae Kasongo, na wataalamu wa mashirika ya nje huipita bila kuiona. Kasongo ni kitovu cha Uislamu nchini Kongo tangu zama za Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, na Mwislamu hujisafisha chooni kwa maji. Vyoo vikavu vinavyotenganisha mkojo na kinyesi, ambavyo vimesifiwa sana katika vitabu vya usafi wa mazingira, hutegemea kinyesi kikae kikavu na kuchanganywa na majivu. Maji ya kujisafishia yakiingia humo, mpango mzima huharibika, inzi huzaliana na harufu hurudi. Mtambo wa bayogesi, kinyume chake, huhitaji uchafu uliolegea, na maji ya kujisafishia huingia ndani yake kama rafiki, ilimradi yasizidi. Maji ya kuoga na kufulia yapitishwe pengine, kwa kuwa yakiingia mengi hulipunguza tope nguvu na kulitoa mapema, ilhali linapaswa kukaa ndani kwa siku 30 hadi 60.

Waumini wana haki ya kuuliza kuhusu najisi, na swali hilo lijibiwe na wanavyuoni kabla ya mhandisi kufungua mdomo. Mwaka 1978 Baraza la Wanavyuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa fatwa kwamba maji yaliyonajisika yanaweza kurudia utohara iwapo yatasafishwa mpaka yasibakiwe na dalili ya najisi katika ladha, rangi na harufu. Kasongo haitafikia usafishaji wa namna hiyo, na swali lake halisi ni la mbolea. Katika madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, wanavyuoni wengi huruhusu kurutubisha shamba kwa mbolea yenye asili ya najisi na huyahesabu mazao yake kuwa tohara, ingawa wameiwekea mipaka biashara ya mbolea hiyo yenyewe, kiasi kwamba anayepokea fedha huambiwa apokee malipo ya kazi yake au ya kuachia haki yake. Masharti haya yanatekelezeka, na imamu akihusishwa tangu mwanzo, mradi hautazuka kuwa fitina baadaye.

Mbolea ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi, kwani thamani yake kwa mji wa wakulima huipita ya gesi. Kwa makadirio yaliyofanywa kutokana na chakula cha Waganda, ambacho hakitofautiani mno na cha Maniema, mtu mmoja hutoa kwa mwaka kilo 2.5 za naitrojeni, kilo 0.4 za fosforasi na kilo 1.4 za potasiamu, na sehemu kubwa ya naitrojeni imo ndani ya mkojo. Kwa watu 1,000 hiyo ni tani 2.5 za naitrojeni, sawa na iliyomo katika mifuko zaidi ya 100 ya urea ya kilo 50, na hata kama nusu yake itapotea hewani kama amonia, kinachobaki ni kikubwa kuliko mbolea ya kiwandani inayoonwa na wakulima wengi wa huko. Kuoza ndani ya kuba hakuiondoi naitrojeni. Huondoa kaboni kama gesi na kuacha virutubisho ndani ya tope katika hali ambayo mizizi huvinyonya kwa urahisi. Mpunga, ulioletwa katika bonde hili na Waswahili wa karne ya 19 na kuwa zao kubwa la Maniema chini ya Wabelgiji, unahitaji sana naitrojeni, na mashamba yake kwa muda mrefu yamepata rutuba kwa kuhama kutoka msitu mmoja hadi mwingine. Pumba zinazorundikana kando ya mashine za kukoboa mpunga nazo zina kazi: zikichanganywa na tope huongeza kaboni, hupunguza unyevu na huwezesha mboji kupata joto.

Joto hilo ndilo linalotenganisha mbolea na ugonjwa. Watangazaji wengi wa bayogesi hawasemi wazi kwamba mtambo usiopashwa moto hupunguza vimelea bila kuvimaliza, na kwamba mayai ya minyoo ya askarisi, yenye ganda gumu, hupita humo na kutoka hai. Maniema ni nchi ya minyoo, ya kichocho na ya milipuko ya kipindupindu, na tope bichi likimwagwa kwenye bustani ya mchicha litakuwa limekirudisha nyumbani kile kilichochimbiwa choo ili kiondoke. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 kuhusu matumizi salama ya majitaka na kinyesi inashauri kuweka vizuizi kadhaa vinavyosaidiana: tope likaushwe na kuwekwa muda mrefu au lifanywe mboji inayofikia nyuzi joto 55 na zaidi, litiwe udongoni badala ya kumwagwa juu ya majani, litumike kwa mazao yanayopikwa au ya miti, na anayelishika avae glavu na buti. Mpunga, mahindi, migomba na michikichi inafaa; nyanya na mboga za kuliwa mbichi zisikaribiwe.

Kwa mantiki hiyo hiyo, hospitali kuu, ambayo wafadhili huikimbilia kwanza kwa sababu ina daktari wa kutia sahihi, si mahali bora pa kuanzia. Maji ya wodi hubeba klorini, dawa za kuua vijidudu na antibayotiki, ambazo huwaua pia bakteria wanaotengeneza gesi, na uchafu wa wagonjwa wa kipindupindu haupaswi kuingia kamwe katika mtambo ambao tope lake litakwenda shambani. Shule ya bweni ni bora, ingawa wakati wa likizo bakteria hufunga saumu na gesi hupungua. Gereza, kwa bahati mbaya ya walio ndani, halina likizo.

Miji mikubwa ya kanda imefuata njia zake. Kampala ina kituo cha Bugolobi, chenye uwezo wa kusafisha lita milioni 45 kwa siku na kuzalisha umeme kwa bayogesi yake, na kituo cha Lubigi, kilichofunguliwa mwaka 2014, ambako malori humwaga tope la vyoo vya mashimo na wakulima hununua lililokauka. Naivasha, kampuni ya Sanivation hutengeneza makaa ya kubana kutokana na kinyesi kilichopashwa joto. Nairobi, kampuni ya Sanergy ilikusanya kinyesi cha vyoo vya Mukuru na kukilisha funza wa inzi weusi wanaogeuzwa kuwa chakula cha kuku. Kigali, kampuni ya Pivot iliyokausha tope na kuliuza viwandani kama fueli ilifunga kazi mwaka 2017. Katika yote hayo, mauzo ya bidhaa peke yake ni nadra kulipa gharama ya kukusanya na kutibu uchafu, kwa hiyo mji unaojengewa mtambo kwa ahadi kwamba utajilipa wenyewe umedanganywa.

Kwa hiyo swali la nani alipe na nani asimamie lina uzito kuliko swali la ufundi, na katika hilo Kasongo haianzi mikono mitupu. Miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ikishirikiana na madaktari na wauguzi wa mahali hapo, iliendesha Mradi wa Kasongo, uliojaribu namna ya kuhudumia wilaya nzima kwa vituo vidogo vya afya vinavyotegemeana na hospitali moja. Matokeo yake, yakiwamo ya chanjo ya surua yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1981, yalisomwa duniani kote, na mfumo wa zoni za afya unaoitawanya huduma ya Kongo hadi leo ulinufaika na majaribio ya aina hiyo. Ofisi ya zoni ya afya ina wahudumu wanaojua kuhesabu wagonjwa wa kuhara na kupima mayai ya minyoo kwa hadubini. Mtambo mmoja wa taasisi moja, ukifuatiliwa na ofisi hiyo kwa miaka mitatu, kuni zikipimwa kwa mizani na tope likichunguzwa kabla ya kwenda shambani, ungeifaa Maniema kuliko mitambo kumi inayozinduliwa na gavana na kuachwa.

Wakurugenzi wa shule za bweni na wasimamizi wa magereza ya Kasongo na Kabambare, pamoja na mapadre, maimamu na wachungaji wenye taasisi za kulisha watu wengi, watalazimika kuchimba mashimo mapya ya vyoo, kwa kuwa ya zamani hujaa. Kabla ya jembe la kwanza kupigwa, waulize bei ya kuba la matofali la mita za ujazo 50 au 100, na wamtaje kwa jina mtu atakayelichunga kila siku, pamoja na kifungu cha bajeti kitakachomlipa. Wasipoweza kumtaja mtu huyo, ni afadhali wachimbe shimo la kawaida na kulifunika vizuri.